Cheche Iliyochelewa na Vichwa vya Sangara

Maji ya samaki yalikuwa yameshalowesha suruali yangu tulipoingia Kisugu, mtaa nisioujua, pikipiki ikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Nilipanda nyuma ya Katembo kama abiria kwenye soko la samaki la Ggaba, nikabanwa kati ya mgongo wake na kikapu cha vichwa vya sangara ambavyo macho yake yalishaanza kufifia.

Katembo aliuza vitenge Butembo, Kongo, kabla vita havijamleta Kampala. Yeye samaki hali, harufu yake humtia kichefuchefu, na jioni mkewe hamruhusu kukaribia kitanda kabla hajajisugua kwa ndimu. Lakini ni mkewe huyohuyo, Julienne, anayekaanga vichwa hivyo Mbuya, karibu na kambi ya askari. Wiki iliyopita mteja mmoja alitema tonge mbele ya wenzake.

"Akitema mwingine, wote watahamia kwa jirani," Katembo aliniambia. "Leo lazima vifike vizuri."

Mlima wa Mbuya ulikuwa bado mbele, na injini ilishindwa hata na tuta la barabarani.

Gereji ya Marjan, Mnubi mnene asiyevua kofia, iko kando ya mtaro wa maji meusi yenye utando wa oili. Nzi wa mtaroni walipokiona kikapu chetu, walihama wote.

"Mukongo, umereta pikipiki au maiti?"

"Hajji, nisaidie. Haina nguvu, na ekzosi inawaka."

"Cheche inacherewa."

Pikipiki ilikuwa kuukuu, ila ya moto wa elektroniki. Haina kontakti za kulika, kwa hiyo wengi huapa kwamba taimingi yake, yaani wakati wa kuruka cheche, haiguswi. Marjan alifungua kifuniko cha pembeni. Ndani, magamba ya samaki yalikuwa yamegandana na grisi. Aliyakomba kwa kidole, akajipangusa shatini. Sahani ndogo inayobeba pikapu, kihisio kinachoamuru cheche iruke, ilikuwa imesogea mahali pake.

Aliachia skurubu zake kidogo, akawasha injini na kuunganisha taa inayomulika kila cheche inaporuka, hivyo alama iliyo kwenye gurudumu linalozunguka humo ndani huonekana kama imesimama. Alama ile ilitakiwa ilingane na mkwaruzo wa kwenye injini. Mkono wake mmoja ulishika taa, mwingine kishikio cha mafuta. Bisibisi akampa Katembo. Sahani ilikuwa nzito kusogea.

"Regeza kidogo."

Katembo akaisukuma sahani nyuma. Injini ikanyong'onyea, ekzosi ikalipuka.

"Regeza!"

Akaisukuma zaidi. Injini ikafa.

"Hajji, nimerejesha mpaka mwisho."

"Nani amesema urejeshe? Uregeze! Skurubu!"

"Skurubu inalegezwa, Hajji."

"Umekuja kutengeneza pikipiki au urimi wangu?"

Jua lilikuwa limefika kikapuni, na uvundo ukawa mzito hata Marjan akajiziba pua kwa mkono wenye grisi. Wakaanza upya. Safari hii Marjan alisema "fungua", na Katembo akafungua. Sahani ikaenda mbele polepole, alama ikalingana na mkwaruzo, skurubu zikakazwa. Marjan alipovuta mafuta, alama ikasogea mbele kama inavyopaswa, na mlio ukawa safi.

Katembo hakushukuru. Alipiga magoti akaanza kufunua mashavu ya vichwa, kimoja kimoja. Vyenye mashavu mekundu, vibichi bado, alivirudisha kikapuni. Vyenye ya kahawia, vilivyoanza kuoza, alivitupa mtaroni, uso ukiwa umekunjamana, akitema mate. Karibu nusu ya mzigo iliishia humo. Kabla hajamaliza, mwenye kibanda cha chakula hapo jirani alikuja na beseni, akaviokota, akavisuuza kwenye maji yaleyale meusi na kuingia navyo jikoni.

"Wateja wake wana bahati mbaya," Katembo alisema.

Nilipoinua mguu kupanda, akaweka kiganja chake chenye magamba kifuani pangu.

"Hapana, mzee. Mlima ni mkali. Wewe unaweza kutembea, samaki haiwezi."

Akafunga kikapu mahali pangu, akaondoka kuelekea Mbuya, pikipiki isikohoe hata mara moja. Nilibaki na suruali yangu iliyoloa, na kutoka kibandani ikaanza kunijia harufu ya mafuta ya moto.