Mdadisi wa Ajira

Mdadisi wa takwimu za ajira ana sauti isiyopanda hata akijibiwa ovyo, na huuliza upya bila kuchoka. Mimi, mwenyekiti wa kitongoji, ndiye ninayemtembeza huku milimani. Leo jirani yangu alimjibu haraka, "Mimi mkulima." Mkewe, Paskalia, anayelima shamba hilohilo, akasema, "Mimi sina kazi, mwanangu. Nipo nyumbani tu." Mdadisi hakugusa kishikwambi chake cha kuandikia majibu. Alilitazama tenga la karoti kichwani pa Paskalia. "Wiki hii umeshuka nalo mjini mara ngapi?"

"Mara nne."

Mdadisi akaandika taratibu, "mkulima", akamweleza Paskalia kwamba naye atahesabiwa kuwa ana kazi, kama wanawake wakulima wa nchi nyingi. Paskalia akatua tenga, akaketi. Miaka ishirini ya ujirani, sikuwahi kumwona ameketi mchana.