Mshono wa Mwanakombo

Mwaka 1971 Mwanakombo, mkulima wa korosho na mihogo upande wa Naliendele, alipasuliwa katika hospitali moja mjini Mtwara, akatolewa uvimbe kwenye kizazi. Kesho yake asubuhi nesi Modesta, mtu wa Songea, akamfunua shuka.

"Haya mama, tuinuke. Utembee kidogo."

Bi Fatuma, mama yake Mwanakombo, akasimama katikati yao. "Atembee aende wapi na tumbo bichi hivi?"

"Bibi, akilala tu, damu huganda miguuni. Bonge likipanda mapafuni huua ghafla."

"Na mshono ukifumuka?"

Modesta hakujua kwamba Bi Fatuma alikwisha kuzika binti mmoja aliyefumuka mshono baada ya kupasuliwa. Mwanakombo alijua. Akafumba macho, akajifanya amelala.

Siku ile ikapita hivyo, na iliyofuata. Chini ya shuka alichezesha vidole vya miguu kwa siri. Zaidi ya hapo hakuthubutu. Halafu Sabina, mke wa karani wa bandarini, aliyekuwa kitanda cha jirani na ambaye naye alikataa kuinuka baada ya kupasuliwa, akaamka mguu mmoja umevimba, umekaza, una moto. Daktari akaubonyeza, akaagiza sindano za kuzuia damu kuganda.

Mwanakombo akageuka. "Mama, nishike mkono."

"Sikushiki. Mwenzio nilimzika. Wewe sikuui kwa mkono wangu."

Bi Fatuma akajitanda kanga, akatoka.

Mwanakombo akashikwa na Modesta. Kiganja kimoja kakibana juu ya mshono, akaburura miguu hadi mlangoni, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Alihisi matumbo yataanguka sakafuni. Hayakuanguka. Jioni wakaenda tena.

Bi Fatuma alirudi baadaye kutoka kwa ndugu zao wa Rahaleo, na sufuria ndogo ya uji. Akamkuta binti yake kibarazani, amesimama peke yake, kashika ukuta. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye gauni, usawa wa tumbo, kutafuta damu. Hakuona. Akaweka uji chini, akamshika mkono wa pili.

Sabina alikaa wodini muda mrefu, akapona, ila mguu ule uliendelea kumvimba. Mwanakombo alirudi shambani kwake; mtoto mwingine hakupata.

Kijijini, mwanamke akirudi kutoka kupasuliwa, watu walimuuliza Bi Fatuma kama mgonjwa alale au atembee. Alimwita Mwanakombo aseme mwenyewe, yeye akaenda nje.