Mafuta ya Nazi Ndani ya Shokamzoba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bomba la chuma lenye urefu wa mkono wangu, ufito wa chuma ukitokeza juu yake, nikaambiwa nilisikilize mpaka adhuhuri. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nimeoa, na asubuhi hiyo nilikuwa nimevuka kutoka Langoni, mtaa wetu kisiwani, hadi Mokowe, upande wa bara, kwa boti ya abiria. Kwetu kisiwani Amu wakati ule mzigo ulibebwa na punda na mtu alibebwa na miguu yake. Nilikuwa sijawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote, nami ndiye niliyekwenda kuwa fundi wa magari.

Aliyenipa bomba lile ni Fundi Mkuu wa gereji, mtu wa mtaa wa Mkomani, wa nyumba ya wasomi. Jamaa zake walitaraji awe mwalimu wa madrasa, naye akachagua grisi. Ndevu zake alizichana vizuri hata akiwa chini ya lori, na sauti hakuipandisha.

"Sukuma ufito polepole, uuwate urudi wenyewe," aliniambia. "Usiutizame kwa mato, Bwana Shee. Usikize."

Nikausukuma. Ndani mlikuwa na kitu kikipumua, taratibu, kama mtu aliyelala mchana chumba cha pili. Nikausukuma tena na tena, mpaka kelele za gereji zikawa mbali na mimi nikawa sijui niko Mokowe au niko wapi. Adhuhuri Fundi Mkuu alinigusa bega, akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia pumzi. Akasema nirudi kesho.

Niwaeleze ninyi vijana mnaobadilisha vitu bila kuvifungua. Mguu wa mbele wa gari dogo ni springi iliyovishwa juu ya shokamzoba, ndilo bomba lile. Springi kazi yake ni kubeba. Ukiiacha peke yake, gari litarukaruka hadi abiria atapike. Bomba limejaa mafuta, na ndani ya mafuta hupita pistoni yenye vitundu vidogo vilivyofunikwa kwa washa, visahani vya chuma vyembamba kuliko ukucha. Mafuta hujipenyeza humo kwa shida, na shida hiyo ndiyo inayoifanya springi irudi kwa adabu. Ukiongeza washa, au ukitia mafuta mazito, mguu unakuwa mgumu, na ukipunguza unalainika. Ni hayo tu, nami yalinichukua miaka kuyaelewa.

Jioni nilirudi nyumbani na harufu ya oili, na mke wangu, Bi Zuhura, alinicheka kwa heshima zote.

"Watengeza maguu ya gari, na muyi wetu hauna ndia ya gari," aliniambia.

Nilikuwa nikijilaza kitandani, nikafumba macho, na barabara ambazo sijawahi kuziona zikipita chini yangu, nyekundu, nyeupe, zenye makorongo na zisizo nayo. Nilizipenda barabara zile kabla ya kuzikanyaga. Pengine ndiyo sababu kazi hii haikunichosha.

Baada ya miaka minne nilipelekwa Mombasa, kwenye karakana iliyotengeneza magari ya mbio. Meneja wa pale alikuwa bwana mnene aliyevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja utosini. Yeye ndiye aliyenifundisha kanuni za mbio za ridhaa, yaani mbio za watu wasiolipwa, wenye kazi zao za wiki nzima na wazimu wao wa Jumapili.

"Kanuni zisome mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza uone wamekataza nini. Mara ya pili uone wamesahau kukataza nini. Mara ya tatu ujiulize kama una haya."

Daraja la ridhaa liliwekwa ili asiye na kitu ashindane na mwenye nacho. Bomba lazima liwe lile la kiwandani. Urefu wa mguu usiongezwe wala usipunguzwe, na kikalio cha springi, yaani kile kisahani kinachoishika kwa chini, kisihamishwe hata kwa unene wa kadi. Lakini kilichomo ndani ya bomba, washa na mafuta, ni shauri la fundi. Humo ndimo tulimoishi. Tuliokota shokamzoba za magari yaliyokufa, tukazikata shingo, tukazitia uzi ili zifunguke na kufungwa kama chupa, tukapanga washa upya moja moja kwa kibano. Tajiri alinunua mguu mpya kutoka ng'ambo, na mara nyingine wetu wa jalalani ulimwacha nyuma. Nilikuwa na furaha pale, nakiri.

Nikaitwa tena Mokowe. Fundi Mkuu alikuwa amepata dereva, mwalimu wa sekondari kutoka bara, mrefu, mwenye haraka, tuliyemwita Mwalimu. Alikuwa na gari dogo la zamani lililotoboka sakafu, na alitaka kulishindanisha daraja la ridhaa huko juu milimani. Fundi Mkuu aliniita kando.

"Miguu ya gari hili ni yako," alisema. "Likimaliza mbio salama, naitia sahihi karatasi yako."

Karatasi ile ilikuwa ombi la cheti cha ufundi wa mbio. Mwenye cheti ndiye anayesimama mbele ya mkaguzi na kusema gari hili nalijibia mimi. Asiye nacho, hata awe na mikono ya dhahabu, husimama nyuma akishika spana. Haombewi na mtu ila fundi mkuu wake. Sijapata kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka sahihi ile.

Nilizifungua shokamzoba za Mwalimu, nikazipanga vizuri. Ilipofika kutia mafuta nikakuta tulichonacho ni chepesi na kinatosha nusu tu. Mafuta mazito yalikuwa yaje kutoka Mombasa, na basi lilikwama njiani kwa mvua. Siku ya majaribio ilikuwa keshoye. Nyumbani Bi Zuhura alikuwa amepika mafuta ya nazi, mtungi mzima, safi, unaona chini. Nilichovya kidole, nikayasugua. Yalikuwa na uzito niliouota. Nikayachanganya nusu kwa nusu, nikafunga mabomba, na sikumwambia mtu. Nilijiambia kanuni zinasema mafuta ni shauri la fundi, na fundi ni mimi.

Majaribio tuliyafanya njia iendayo kijiji cha Hindi, jua likiwa kali. Nilikaa kando ya Mwalimu. Sijui niwaelezeje. Mashimo yalikuwa yakija na kuondoka bila kugusa matako yetu, mchanga ukafunguka mbele, mikorosho ikapita pande zote mbili bila haraka, na gari likapumua kwa miguu minne kama lililolala. Mwalimu aliulegeza usukani, akaushika kwa vidole viwili. Nilifumba macho, na kwa mara ya kwanza niliyoyaona ndani na yaliyoko nje yakawa kitu kimoja.

"Fundi," Mwalimu alisema tuliposimama, "hii gari umeiweka nini?"

"Mikono," nikamjibu, na nikajiona mjanja.

Gari tulilipandisha kwenye lori, tukasafiri siku mbili hadi milimani. Mimi mtu wa pwani nilikuwa sijui baridi ni nini; nilijua kivuli tu. Asubuhi ya ukaguzi niliamka nimevaa nguo zangu zote, meno yakigongana, na moshi ukinitoka mdomoni. Nililitazama jambo hilo kwa mshangao mtamu, nikawaza nitakavyomsimulia Bi Zuhura. Sikuwaza kabisa juu ya nazi. Kwetu mafuta ya nazi ni maji, mwaka mzima. Siku za Julai huwa mazito kidogo, mwanamke akayaweka juani kabla ya kujipaka, basi. Sikupata kumwona mtu akiyachota kwa kisu.

Mkaguzi Mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo, koti limefungwa hadi shingoni. Alikuja kwenye gari letu, akaweka viganja vyote viwili kwenye kona ya boneti, akaegemea. Gari lisilo na kasoro hushuka, likapanda, likatulia. Letu halikushuka. Akaegemea tena kwa uzito wake wote. Akahamia kona ya pili, ikawa vilevile.

"Mmetia kabari ndani ya mabomba," alisema. "Hilo limekatazwa. Fungueni."

Fundi Mkuu aliufungua mguu wa kushoto mwenyewe, mbele ya madereva na mafundi wao. Hapakuwa na kabari. Alivuta ufito kwa nguvu ukaja na uji mweupe umeshikamana na pistoni, kama samli. Mafundi wa bara wakasogea kutazama. Mmoja alicheka, kisha akajizuia.

Fundi Mkuu alinigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Bwana Shee, ulitia mafuta yapi?"

Karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwake, nilijua. Nikasema, "Yale yale ya siku zote, Bwana Fundi."

Kisha akamgeukia mkaguzi. Yule mama alikuwa anauliza ni nani anayelijibia gari hili.

"Mimi," alisema. "Kosa ni langu."

Gari liliondolewa mbioni. Mkaguzi alikubali kwamba mafuta hayakuvunja kanuni, lakini gari lisilonesa ni hatari kwa dereva, na aliyelileta alizuiwa kusimamia gari lolote kwa msimu mzima. Fundi Mkuu alikuwa hajapata hata onyo maishani mwake. Mwalimu aliketi juu ya tairi akisema, "Sasa nitawaambia nini wanafunzi?" Saa tano jua lilipopasha, ile miguu ililainika yenyewe, gari likawa linanesa vizuri kabisa, na wenzetu walikuwa wameshaondoka.

Njiani kurudi nilingoja anigombeze. Aliniulizia mama yangu, afya yake, akalala. Kesho yake kazi iliendelea. Nilifanya naye kazi miaka ishirini na mitatu baada ya pale. Nilipanga washa za magari mengi, mengine yakashinda, na kila mara alisimama mtu mwingine mbele ya mkaguzi. Kila mwaka nilimkumbusha karatasi yangu. Alisema, "Ipo mezani." Nikaamini ofisi ndiyo inayochelewesha, nikazilaumu ofisi mpaka nikaota mvi. Nikastaafu fundi msaidizi.

Sasa niko nyumbani Langoni. Kuna pikipiki kila mahali, na wapandaji wake huniletea miguu ya mbele iliyopasuka sili, ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje, nami huiegemeza ukutani, nikaisukuma, nikaisikiliza. Baadhi ya siku nasinzia mkono ukiwa juu ya ufito, nikapita njia ya Hindi nzima, mikorosho huku na huku. Bi Zuhura huniacha. Ni yeye aliyeniambia, baada ya kumsimulia habari hii yote kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, kwamba Fundi Mkuu yu hai Mokowe, haoni tena, na kwamba mimi niko hapa nabadilisha sili.

Nilivuka. Nilimkuta barazani kwake, ndevu zimechanwa. Nilimpa mkono, nikakaa, nikasema kabla ya kahawa kuja.

"Bwana Fundi, mafuta yale niliyatia mimi. Ya nazi, ya mke wangu. Nilikwambia uongo."

"Naliyua," alisema. "Nti nzima ile, nani mwingine atoka Amu? Nalinusa tangu nilipolegeza kifuniko."

"Basi mbona ulijibu wewe?"

"Gari lilikuwa langu. Ningemwambia yule mama nini, muulize huyu?"

Nikamwomba radhi. Alinipapasa goti, kama anayetafuta kitu chake.

"Msamaha nalikupa siku ileile, ndani ya lori," alisema. "Karatasi ilikuwa mezani kweli. Kula mwaka naliitoa, nikakungoja uye useme moya tu, nitie sahihi. Sahihi ile si ya mikono, Bwana Shee. Mikono yako naliyua siku ya kwanza. Yataka mtu aulizwe, aseme ni mimi."

Nililia mbele yake, mzee mzima, na nilifurahi kwamba hanioni. Alingoja nimalize. Kisha akauliza karatasi zinatolewa na nani siku hizi, na kama kuna mtu anayeweza kumwongoza mkono mahali pa kuandika.