Lile Jino Laini Nililoonyeshwa Mumosho

Naikumbuka siku moja, mwanangu, na kama kusahau kungekuwa kazi ya mikono ningekwisha kuimaliza zamani. Nilikuwa kijijini Mumosho, mke wa mtu, sijafika miaka ishirini. Mtoto wangu wa kwanza, Nabintu, alikuwa na miezi sita. Alikuwa anaharisha siku ya tatu, mwili moto, macho yameingia ndani.

Nilimpeleka kwanza kwenye kituo cha afya. Usiseme sikumpeleka. Muuguzi wa pale alikuwa dada mwembamba, sauti ya chini, na badala ya kumtibu mtoto akaanza kuniuliza mimi. Maji mnateka wapi? Mnayachemsha? Mtoto amekojoa leo? Kikombe chake unakiosha na nini? Nikamtazama, nikajisemea: huyu hajui ugonjwa, ndiyo maana anautafuta kwangu. Mwisho akanipa pakiti za unga, nichanganye na maji nimnyweshe. Maji! Mtoto anamalizwa na maji yanayomtoka, naye anataka nimwongezee mengine. Nikazifunga pakiti katika kitenge, nikatoka, na njiani nikazitupa. Mimi ni mtu wa kushuku tangu nizaliwe, na hata leo sijaacha. Ila siku ile nilimshuku yule ambaye sikupaswa kumshuku.

Wanawake wa kijijini walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba ni meno ya uongo. Walisema, na bado wapo wanaosema, usijifanye hujawasikia, kwamba mtoto mchanga anaota ndani ya ufizi meno laini kama funza. Meno hayo ndiyo yanaleta homa na kuharisha, na yasipotolewa mtoto anakufa. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiyatoa. Mnene, mcheshi, uwanja wake umefagiliwa vizuri. Huyo hakuniuliza hata neno. Akafungua mdomo wa mtoto kwa kidole, akapaza sauti:

"Yote haya! Mama, ungelala na huyu mutoto siku moja zaidi, tungekuwa kwa matanga."

Akachukua spoku ya baiskeli, ule waya wa gurudumu, imenolewa. Sitasimulia sana. Aliyeshika miguu ya mtoto ni mimi, mama yake. Akachimba ufizi wa juu, kushoto na kulia, akaweka kwenye kitambaa vitu viwili vyeupe, laini, vidogo kama mbegu za nyanya.

"Ona na macho yako. Hii ndiyo ilikuwa inakula mutoto."

Nikaona na macho yangu. Nikamshukuru kwa mikono miwili.

Damu haikukoma. Homa ikapanda. Bwana wangu aliporudi kutoka shambani hakunigombeza; alimfunga mtoto kifuani, tukashuka barabarani kutafuta gari la Bukavu. Hospitalini tulikaa wiki tatu, na mara mbili walimwita padri. Daktari akaniuliza ni nani aliyemkata. Nikasema ameanguka kwenye jiwe. Mtoto wa miezi sita, hata kutambaa hajui, ameanguka kwenye jiwe! Daktari alinitazama, akaandika, akaondoka.

Nabintu akapona. Mimi nikaendelea na jiwe langu miaka yote. Meno ya utotoni yalipoota, pale pa chonge za juu pakabaki mapengo mawili. Yalipokuja meno ya ukubwa, moja halikutoka kabisa, jingine likatoka limepinda, rangi ya kutu. Shuleni walimwita Portaye, yaani lango kwa Kifaransa, maana kinywa chake ni kama lango lililoachwa wazi. Akajifunza kucheka na kiganja mdomoni. Akiniuliza, namjibu: jiwe.

Basi alipomaliza sekondari akasema anataka kusomea meno, nilishtuka. Kazi zote zilizopo duniani!

"Unatafuta nini mu midomo ya batu?" nilimuuliza.

"Kazi, mama."

Sikumwamini. Nilidhani ananichunguza. Alivuka mto Ruzizi, akasoma miaka mingi ng'ambo, akarudi na diploma, na kila likizo nilimwangalia usoni nione kama amejua. Akaanza kazi chini ya daktari mmoja mzee wa hapa mjini Bukavu, tulikokuwa tumehamia, ambaye kung'oa kwake kulikuwa goti kifuani na koleo mkononi. Nabintu yeye alimweleza mgonjwa kwanza kila kitu atakachofanya. Yule mzee alimcheka mbele ya watu: "Weye unaongea na mugonjwa kama unamuposa!" Yeye akaendelea kueleza. Baada ya miaka michache akafungua chumba chake mwenyewe cha meno mtaa wa Kadutu, juu kidogo ya soko.

Nami jino la nyuma likaniuma mpaka nikapanda kwake. Nilimshuku binti yangu mwenyewe, mwanangu, nakuambia kweli. Kiti kinashuka chenyewe, picha ya taya langu inaonekana kwenye kioo cha kompyuta, ufizi unapakwa kwanza dawa ya ganzi ndipo sindano ije. Nikawaza: mtu anayekubembeleza hivi anaficha maumivu gani?

"Mama, ukisikia uchungu inua mukono tu. Nitaacha palepale."

Nikainua. Sikuwa nasikia kitu, nilitaka nione. Akaacha. Akaendelea, nikainua tena. Akaacha. Mara ya tatu akashusha barakoa.

"Mama, uko unanijaribu?"

"Fanya kazi yako."

Alicheka, kiganja mdomoni. Jino lilitoka sikujua lini.

Nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi, pamba mdomoni, nusu ya uso haina habari, alipoingia msichana na mtoto mgongoni. Umri wake ulikuwa mdogo kama wangu wa siku ile. Akamfungua mtoto: macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mlango wa chumba cha kiti ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Dokta, mutoto iko na meno ya uongo. Mi nimekuja kwako juu weye uko na vyombo safi. Utoe tu, niende."

Mwenye haraka ya pesa angekata. Nabintu aliketi chini kidogo kuliko yule msichana, akamshika mtoto kidole.

"Pole, mama. Anaharisha tangu siku ngapi? Amekojoa leo? Mayi munachota wapi?"

Nikageuka kutazama. Maswali yaleyale ya muuguzi. Na nikaona uso wa yule msichana unafungika kama wangu ulivyofungika siku ile.

Nabintu akamweleza kwamba kile cheupe kwenye ufizi si ugonjwa, ni jino la kweli linalojitengeneza. Mtoto amekauka maji, na ni lazima aende hospitali sasa hivi. Alisema vizuri sana. Akamwambia na jina la daktari wa watoto. Msichana akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Kama hamuwezi, iko mama mumoja kwetu anaweza. Yeye haulizi-ulizi."

Nikasimama mlangoni. Sikujipanga. Nilitoa pamba, damu ikanichuruzika kidevuni, ulimi mzito kama wa mlevi.

"Haupiti."

"Koko," akaniita, yaani bibi, "niache. Mutoto anakufa."

"Ndiyo, na utamuua weye. Mi nilikata wangu. Nilishika miguu yake mimi mwenyewe, na spoku ilikuwa ya baiskeli. Walinionyesha kale kajino laini, nikasema asante. Haikuwa jiwe. Haikuwa jiwe hata siku moja!"

Yule msichana hakuelewa jiwe lilitokea wapi. Akamgeukia Nabintu kana kwamba anauliza huyu kizee ana wazimu gani. Na Nabintu, ambaye sijawahi kumwona akicheka bila kiganja, akatoa barakoa, akampa msichana kile kioo kidogo chenye mpini, akafungua mdomo wazi kabisa.

"Angalia huku juu, mama. Usiogope. Na huku pia."

Msichana akaangalia muda mrefu. Kisha akaketi, akaanza kulia, akajibu maswali moja moja: maji wanachota mtoni, mtoto hajakojoa tangu asubuhi. Nabintu alifunga chumba, akawapeleka hospitali mwenyewe. Yule mtoto alilazwa siku nne, akarudi kwao na ufizi mzima.

Jioni nilimuuliza binti yangu amejua tangu lini.

"Tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Professa alionyesha picha ya mdomo wa mutu aliyetolewa meno ya uongo, nikaona ni kama wangu."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, mama, ungenijibu jiwe tena."

Aliniwekea chakula laini upande usiouma, akanihimiza nile.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kushuku, mtu asiyeshuku chochote atachezewa na kila mpita njia. Lakini mshuku yule asiyekuuliza kitu. Mshuku mwenye haraka ya kukuonyesha alichokitoa mwilini mwako. Mtu akikuuliza maji mnachota wapi, mjibu, maana hapo kazi imekwisha kuanza. Mtoto akiharisha, mnyweshe, mpeleke hospitali, na ufizi wake uache kama Mungu alivyoufunga. Na kama wewe nawe unataka kazi ya meno, jifunze mashine zote, lakini mgonjwa akiinua mkono, acha, hata kama anakujaribu. Na kama kuna mwili wa mtu uliouharibu kwa kutojua, mwambie mwenyewe kwa kinywa chako, usingoje mpaka mtoto wa mwingine awe mlangoni.

Mungu akupe watu wa kukuuliza kwa upole, akupe na moyo wa kuwajibu kweli. Nyumba yako isikose maji safi, na watoto wako wazeeke kuliko mimi. Amina.