Nipeni Mpaka Ijumaa

Mama yangu Seline hakuwa mtu wa kukurupuka. Hata samaki wa ngege wa kununua pale ufuoni alimgeuza mara tatu kabla ya kuuliza bei. Watu wa Kisian walimcheka kwa hilo, na mimi nilicheka nao, mjinga mimi.

Baba alifariki mwaka wa sabini na moja. Mwaka mzima ndugu yake, Ogola, hakukanyaga kwetu hata kuuliza kama tumekula. Kisha wapimaji wa ardhi wakafika Kisian na minyororo yao, na Ogola akawa mgeni wa kila jioni. Alitaka kumrithi mama awe mkewe, kama desturi yetu Wajaluo inavyomruhusu ndugu wa marehemu, na shamba liandikwe kwa jina lake. Jumanne moja alikuja na wazee wa ukoo, wakamtaka mama ajibu papo hapo.

Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Nipeni mpaka Ijumaa nifikiri," akasema.

Walikubali upesi mno. Hapo angeshtuka, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kazi.

Jumatano alilizunguka shamba lote kwa miguu, na alipomaliza alijua kwamba hamtaki Ogola. Alhamisi alikwenda mjini, mtaa wa Nyalenda, kwa kaka yake Laban, karani, amuulize kama serikali inakubali mjane aandikiwe shamba. Laban alimwambia inakubali.

Sasa, kwetu mjane ambaye hajarithiwa haingii nyumba ya mtu; inasemekana ataiachia mkosi. Mama alilijua hilo, akaketi nje kwenye kigoda wakiongea. Mvua ikashuka ghafla kutoka ziwani. Alilowa chapachapa huku wifi yake akimsihi, mpaka akaingia, akasimama karibu na mlango, akangoja ipite. Jirani mmoja mwenye watu wake Kisian alimwona.

Ijumaa mama aliwangoja wazee na jibu lake. Hawakumwuliza. Ogola alisema kwamba amevunja mwiko, amejitoa mwenyewe katika ukoo, na mtu aliyejitoa hana shamba la kudai. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mkonge wa mpaka ulipandwa nyuma ya jiko letu, na sisi tukahamia Nyalenda, mama akawa anauza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye.

Miaka mingi niliilaani mvua ile. Kisha nilipokuwa mtu mzima nikaenda kuliona daftari la kamati ya ardhi. Jina la Ogola lilikuwa limeandikwa Jumatano, wakati mama angali anazunguka shamba, siku moja kabla ya mvua.

Nilimpelekea habari hiyo sokoni. Nikamwambia kwamba kule kufikiri kwake ndiko kulikotumaliza. Alikuwa akipepeta omena, na hakuacha.

"Kufikiri hakukuniponza," akasema. "Kosa langu ni kuwaambia nafikiri."