Nilipandikizwa nywele Ufipa enzi za Mwingereza: nilivyokitunza kichwa mpaka zikaota

Wakuu, habari zenu. Wa rika langu humu ndani sidhani kama wapo, kwa hiyo naitikia marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za vijana wanaouliza kuhusu hair transplant. Mmoja amefanyiwa nje ya nchi, amerudi, nywele zimeanza kudondoka na anasema ametapeliwa. Mwingine anauliza apake mafuta gani. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mchoyo.

Haya ninayoandika yamepita juu ya kichwa changu mwenyewe. Asiyeamini apite tu, sitamgombeza.

Mimi ni mzaliwa wa Mwazye, enzi za Mwingereza. Nilipofikia umri wa kuchumbiwa nilikuwa nakaa Sumbawanga mjini kwa mama yangu mdogo, Yustina, fundi cherehani. Mchumba wangu alikuwa Desideri, seremala, kwao Matai. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshaelewana.

Mjini kulikuwa na familia moja ya wafanyabiashara iliyoleta mashine ya kusaga ya dizeli. Wengine mnaosoma hapa hamjawahi kusaga ulezi kwa jiwe, kwa hiyo hamwezi kujua ile mashine ilitufurahisha vipi. Unapeleka gunia, unapiga soga kidogo, unarudi na unga.

Siku hiyo nilikuwa nimeinama kufunga gunia langu. Upepo wa Ufipa mnaujua, hauombi ruhusa. Ukainua ncha ya kanga niliyojitanda kichwani, mkanda wa mashine ukaidaka. Kanga ikaondoka na mabutu yangu ya mbele, na mabutu yakaondoka na ngozi.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Mwenye mashine aliizima haraka sana, ndiyo maana leo naandika.

Nilipelekwa hospitali ya misheni kwa lori. Kidonda kilipona, lakini kikaacha upara juu ya paji la uso, mpana kama kiganja, unang'aa kama sahani. Pale haukuota hata unywele mmoja.

Kwa mwaka mzima sikuvua kitambaa mbele ya mtu yeyote isipokuwa mama mdogo. Hata kanisani nilikaa nyuma kabisa.

Sasa, kwenye hospitali ile akaja daktari mgeni, Mzungu mrefu asiye na maneno mengi. Tulisikia kwamba wakati wa vita alikuwa akitengeneza nyuso za askari walioungua. Mama mdogo aliposikia hivyo, aliacha cherehani ikiwa na nguo ya mtu, tukapanda lori.

Daktari akanishika kichwa, akakigeuza huku na huku. Akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba atachukua vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kutoka kisogoni na kuvipanda mbele, kimoja kimoja. Hakuniahidi kwamba vyote vitashika. Nilimuuliza kama itauma. Akasema ndiyo.

Nilimpenda kwa jibu hilo, kwa kweli.

Ilikuwa Juni, baridi kali. Vipande vikapandwa. Kabla ya kuniruhusu kurudi mjini alimweleza mama mdogo masharti, na mama mdogo akayashika kama katekisimu. Nayaandika kama nilivyoyaishi. Daktari wako akikuambia tofauti, msikilize yeye, amekiona kichwa chako na mimi sijakiona.

Kwanza kulala. Mwanzoni sikulala chali wala kifudifudi. Nililala nimeegemea gunia la maharage, nusu nimekaa, ili uso usivimbe na vile vipande visisuguliwe na mto. Shingo iliuma kuliko kichwa.

Halafu kuosha. Siku za kwanza hatukugusa kabisa. Baadaye mama mdogo alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akaacha yapoe, kisha akayamimina taratibu kwa kata, maji yajitiririkie yenyewe. Hakusugua. Vigaga vilivyokauka juu ya vipande aliviacha vibanduke kwa muda wake.

Kitambaa alinishonea cha pamba laini, kipana, cha kufunika bila kubana. Alishona viwili, kimoja kichwani, kingine kinachemshwa na kuanikwa. Jua la kiangazi kule juu ni kali ingawa baridi inakudanganya, na vumbi ndiyo usiseme.

Kuwashwa! Hapo ndipo wengi wenu mtashindwa. Kichwa kinawasha mpaka unataka kukikuna kwa ukuta. Mama mdogo akanipa maharage ya kupukuchua, debe baada ya debe. Alisema mikono yenye kazi haikuni. Nilipukuchua maharage ya mtaa mzima.

Jirani mmoja, mtu mwema sana, alileta samli iliyochanganywa na majani fulani, akasema nipakwe nywele ziwahi. Mama mdogo alimshukuru sana, akaipokea kwa mikono miwili. Jioni tukaungia mboga. Nyinyi mnaotumiwa mafuta ya kila aina mtandaoni, mmesikia?

Lakini sharti kubwa lilikuwa hili: nisibebe kitu kichwani. Si mtungi, si kuni, si kikapu. Mpaka mvua zianze.

Vijana wa leo mtaona ni jambo dogo. Wakuu, msichana wa Kifipa wakati ule asiyebeba maji kichwani alikuwa ni nani? Nilichota kwa kibuyu kidogo cha mkononi, nikaenda na kurudi mara nyingi. Watu wakasema maneno. Mwingine aliuliza kwa sauti kama nimeshakuwa mke wa DC.

Nilivumilia kwa sababu nywele zilikuwa zinaonekana. Zile zilizokuja na vipande zilisimama pale mbele, fupi, nyeusi. Niliazima kioo cha jirani nikajitazama hadi nikaona aibu.

Kisha zikaanza kudondoka.

Nilivua kitambaa asubuhi nikazikuta zimelala ndani yake. Kesho yake nyingine. Baada ya muda si mrefu upara ulikuwa umerudi, safari hii na vidoadoa vya makovu. Nililia kilio ambacho sikulia hata siku ya mashine. Siku ya mashine nilipoteza nywele. Sasa niliona nimepoteza na tumaini, na kisogo changu kimechongwa bure.

Mama mdogo hakubishana na mimi. Alifunga cherehani, tukapanda lori tena.

Daktari akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia kwa muda mrefu, mpaka nikasikia saa yake ya mkononi ikitembea. Kisha akaniambia, "Zilizoanguka ni nywele. Mizizi ipo. Inapumzika. Wewe ngoja."

Nikamuuliza kama ana hakika.

"Ngozi imeshika, haijafa popote. Ngoja."

Basi, ndiyo dawa niliyorudi nayo. Ngoja.

Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba mama yake Desideri anakuja kutoka Matai kumwona mkwewe mtarajiwa. Alikuwa amesikia mambo, na mambo hayakosi miguu. Mama mdogo akanishauri nifunge kitambaa vizuri, nimhudumie mgeni, nisiseme chochote mpaka nywele zirudi. Alikuwa na nia njema.

Nilikaa nikafikiri. Kama ningeingia kwenye ile ndoa na kitambaa, ningekifungua lini?

Mgeni alipofika nilipiga magoti nikamwamkia, nikampa maji ya kunawa. Kisha nikavua kitambaa mbele yake. Mkono wa mama mdogo ulisimama juu ya sufuria.

Mama yule alinitazama kichwa chote, mbele na nyuma. Hakuonyesha kuchukia wala huruma. Aliuliza swali moja.

"Kichwa hiki kitabeba maji lini?"

"Mvua zikianza, mama. Kabla ya hapo sibebi, hata nikiwa kwako."

Sijui niliitoa wapi ile sauti. Enzi zile msichana hakumjibu mkwe hivyo. Alikula matonge machache, akanawa, akaaga kwa heshima, akaondoka. Mama mdogo aliosha vyombo kwa kishindo.

Siku kadhaa nilijihesabu kama mtu aliyeachwa. Sikujuta, ila nilikuwa na hofu.

Kisha akaja Desideri mwenyewe, kwa miguu na kwa lori, na vumbi hadi kwenye nyusi. Alisalimia, akaona mtungi mtupu mlangoni, akauchukua. Akautia begani akaenda nao mtoni, wanawake wote wanamwangalia. Wakati ule mwanamume mzima kuchota maji ilikuwa sinema ya bure. Alirudi shati limelowa upande mmoja, akautua.

Nikamuuliza mama yake alisema nini.

"Aliniuliza kama nataka mke au nataka mchota maji," akasema. "Nikamwambia maji najua kuchota."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na hayo yalinitosha kwa miaka yote tuliyoishi.

Mvua zilianza. Asubuhi moja nikiwa naosha kichwa kwa maji yale ya kumimina, vidole vikagusa kitu kama manyoya ya kifaranga. Nikamwita mama mdogo. Akanivuta mlangoni kwenye mwanga, akainama, kisha akaanza kucheka peke yake kama mtu aliyetekenywa.

Hazikuota zote kwa pamoja. Zingine zilikuja nyembamba na zimejikunja vibaya, upande wa kushoto ukachelewa, sehemu mbili hazikuota hadi leo. Lakini ziliota. Mvua zilipokolea nikabeba mtungi wa kwanza, mdogo, juu ya kata nene ya majani. Nilipita taratibu kweli, nikimsalimia kila mtu niliyekutana naye.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Siku moja kabla, mama yake Desideri alifika na kitana chake, akamwambia mama mdogo kwamba atanisuka yeye. Nikakaa chini kati ya magoti yake. Vidole vyake vilipofika mbele, kwenye makovu, vilisimama.

"Hizi zinalalia upande," akasema. "Tusizilazimishe. Nitasuka zinakoelekea."

Akasuka hivyo. Hatukuzungumza tena habari za kichwa, maisha yake yote.

Sasa nina miaka zaidi ya themanini. Utosi wangu umepungua kama wa wazee wote, ila ule mstari wa mbele uliotoka kisogoni umebaki pale pale, mweupe na mkaidi. Desideri, Mungu amrehemu, alipata upara akiwa bado na nguvu zake, na alikuwa akinitania nimkopeshe kidogo.

Nililojifunza ni fupi. Fundi akishamaliza kupanda, kazi iliyobaki ni yako, na nyingi katika kazi hiyo ni kutokufanya: usikune, usisugue, usibandue, usipake ulicholetewa na jirani. Kidonda kikitoka usaha, kikinuka, ukipata homa, hapo usisubiri, kimbia hospitali. Na walio karibu nawe waambie ukweli mapema, kwa sababu watakuona katika kipindi kibaya kabla ya kile kizuri, na utawajua.

Wewe kijana uliyeandika kwamba zimedondoka zote na umetapeliwa: rudi kwa aliyekupandikiza akuangalie ngozi, umsikilize, kisha uende ukapukuchue maharage.

Wengine karibuni. Miwani ninayo na bando lipo, nitasoma kila comment. Ningependa hasa kusikia kwa ambaye amewahi kungojea kitu kiote huku kila mtu akimwambia kimeshakufa.