Doa la Katikati

Mama Povu amekuwa dobi wa hoteli kwa miaka kumi na tisa. Jina alipewa na wapishi, naye hulicheka tu. Mletee shuka lenye doa, atakwambia bila kunusa: hii chai, hii kutu, hii damu ya pua.

Binti yake alipojifungua, aliomba likizo akamfulie nepi. Binti alikuwa anaishi kwa mama mkwe wake. Mtoto ana siku nne, ananyonya kwa kusuasua, analala kupita kiasi. Juu ya nepi nyeupe alizungushiwa kitambaa chekundu kipya, zawadi ya huyo bibi yake wa upande wa baba.

Asubuhi nepi ilitoka na wekundu. Mama Povu aliona akanyamaza. Mgeni haanzi kukosoa zawadi ya mwenye nyumba. Mchana ikatoka nyingine, nyekundu zaidi.

"Kitambaa kinachuja hicho," alisema mwenye nyumba.

"Mkwe, rangi ikichuja huingia kutoka nje. Hili doa limeanzia ndani, katikati."

"Haya, dobi! Na mtoto naye utamwanika?"

Binti alicheka. Mama Povu alitumbukiza pembe ya kitambaa kwenye beseni, akakamua. Maji yalibaki meupe. Kicheko kikakatika.

Hospitalini daktari alimbonyeza mtoto ubavuni, akagusa uvimbe mgumu. Baada ya kipimo cha picha aliwaambia damu imeganda kwenye mshipa wa figo la kushoto. Mtoto alikuwa amepungukiwa maji, damu ikawa nzito. Figo limevimba, haliwezi kuchuja vizuri.

"Kumbe figo nalo linachuja?" aliuliza mkwe kwa sauti ndogo.

"Linachuja damu, mama."



"Doa nimeliona tangu asubuhi," Mama Povu alisema. "Nimemchelewesha?"

"Masaa ni masaa, siwezi kukudanganya. Lakini mmemleta leo."

Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano za kuzuia bonge lisikue. Figo lile huenda likasinyaa, daktari alisema. La pili ni zima, na mtu huishi na moja.

Siku tatu Mama Povu hakuruhusu nepi ifuliwe kabla hajaifungua dirishani, mkwe amesimama nyuma yake. Siku ya nne alikaa nayo muda mrefu.

"Vipi?" mkwe aliuliza.

"Njano."

"Njano ya kweli?"

Akampa. "Hebu itazame wewe, mkwe. Mimi macho yamejaa maji, sioni kitu."